Nauli ya Barua ya Liwale Nani Alipe?

Haya, sonyeni. Hapa kijiweni kwetu Magomeni siku hizi hakuna anayeitaja Posta bila kusonya kwanza. Jina likitoka tu mdomoni, mtu anavuta mate, msyuuu, ndipo anauliza, "Kwani bado ipo?" Mwenzake anadakia, "Ipo, si pale konda anaposhushia abiria?" Kicheko, kahawa inamwagika, kete za drafti zinachanganyika. Sasa mimi nina swali moja, na nataka jibu lisilo na kiapo: ninyi mnaosonya, stempu ya mwisho mlinunua lini?

Mnaona? Kila mtu kageukia kikombe chake.

Aliyeuwasha moto safari hii ni dogo wa bodaboda. Kashika simu, kasimama katikati, anatusomea kwamba Denmark wameacha kupeleka barua. Na si uongo. Shirika lao, PostNord, lilipeleka barua za mwisho mwishoni mwa Desemba 2025, likafunga kazi iliyoanza mwaka 1624, enzi ambazo huku kwetu Mreno alikuwa bado kajichimbia ndani ya Fort Jesus, Mombasa. Masanduku mekundu ya barua, yapatayo 1,500, yaling'olewa barabarani. Tangu mwaka 2000 barua zao zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. "Wazungu wenyewe wamenawa mikono," dogo akamaliza, "sisi tunang'ang'ania nini? Ifungwe, majengo yauzwe, hela zijenge barabara!"

Makofi. Konda wa basi, mwenzetu wa kijiweni, akaagiza dogo aongezewe kahawa na kashata mbili kwa hesabu yake.

Taratibu, jamani. Dogo habari kaisoma nusu, kama kawaida ya vijana na simu zao. Denmark hawakuamka asubuhi wakafunga. Tangu mwaka 2014 mkazi mtu mzima wa kule hupokea barua za Serikali kwenye sanduku la kidijitali kwa mujibu wa sheria, na asiyeweza huomba aondolewe kwenye utaratibu huo. Na barua yenyewe haikufa: kampuni nyingine ya usambazaji imeichukua kazi. Maana yake walijenga njia nyingine kwanza, wakaizoea miaka zaidi ya kumi, ndipo wakaifunga ile ya zamani. Sisi hapa tuna bibi yuko Liwale, huko kusini, simu yake kitochi, chaji anaifuata kwenye kibanda cha sola, na mahakama ikitaka kumwita kwenye shauri la shamba la marehemu inabidi karatasi imfikie mkononi. Ukiifunga Posta leo, bibi yule mtampelekea karatasi kwa WhatsApp?

"Ndiyo maana ninyi mnasonya hovyo," alisema Mzee Mstaafu, na alikuwa hajanyanyua uso kwenye drafti. Huyu mzee alikaa kaunta tangu enzi za Posta na Simu. "Mnadhani Posta ilizaliwa maskini."

"Shikamoo mzee, hebu tufafanulie," konda akasema, na kweli akavuta stuli.

Mzee akaeleza, na nayaweka hapa kwa kifupi kwa sababu yeye akianza hamalizi. Zamani za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, kulikuwa na shirika moja la posta na simu kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabeba kipande chake, na sisi tukawa na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na watoto watatu: barua, simu na akiba. Simu ilikuwa ikiingiza fedha. Akiba za wananchi nazo zilikuwa zimelala pale, shilingi juu ya shilingi, kwenye vile vitabu vidogo mlivyoviona kwa babu zenu. Barua yenyewe ilikuwa ikitumia zaidi ya inachokileta, lakini nani angejua? Jiko lilikuwa moja.

Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990. Sheria ya mwaka 1991 ikaitenga Benki ya Posta, ambayo leo inaitwa TCB. Sheria za mwaka 1993 zikapasua kilichobaki, na kuanzia Januari 1994 Simu ikawa TTCL, msimamizi wa mawasiliano akawa chombo cha peke yake, na Posta ikabaki Posta.

"Ile ilikuwa mirathi, wanangu," mzee akasema. "Simu kachukua ng'ombe wa maziwa. Benki kachukua mbuzi. Posta kaachiwa bibi kizee amtunze. Halafu akaambiwa: bibi ale, avae, apelekwe hospitali, na kila mwisho wa mwaka utuletee faida."

Khaa! Hapo hata dogo wa bodaboda aliacha kutafuna kashata.

Mwalimu, ambaye alisomea Mombasa na hupenda kutukumbusha, akasema kwa jirani ilikuwa vilevile, tena kwa kejeli kubwa zaidi. Shirika la Posta na Simu la Kenya, KPTC, ndani yake mwaka 1993 kilianzishwa kitengo kidogo cha simu za mkononi. Mwaka 1997 kitengo hicho kikasajiliwa kuwa kampuni. Jina lake Safaricom. Mwaka 1999 KPTC ikagawanywa: Telkom upande wake, Posta upande wake, msimamizi upande wake. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na mwaka uliofuata huduma ya jina hilohilo ikaingia kwetu kupitia Vodacom.

Sasa wenye umri wangu wanakumbuka fedha zilivyokuwa zikisafiri kabla ya hapo. Ulikuwa unakwenda kaunta, unajaza fomu ya hawala ya posta, karani anapiga mhuri, halafu unamwandikia mama barua kumwambia hela zinakuja. Mama anatembea hadi makao makuu ya wilaya na kitambulisho chake, akifika anaambiwa arudi Alhamisi. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa ikiilipa Posta kitu. M-Pesa ilipokuja, mama akapokea hela akiwa jikoni. Nani wa kumlaumu? Lakini oneni jambo lilivyo: iliyozinyang'anya Posta za Afrika Mashariki hawala ilikuwa huduma iliyozinduliwa na kampuni iliyoanzia, kwa upande wa Kenya, ndani ya nyumba ya Posta yenyewe. Na faida yake haikurudi kumtunza bibi.

"Sawa mzee, tumekuelewa," konda akasema. "Lakini hiyo ni miaka thelathini iliyopita. Mtu mzima hulalamikia urithi miaka thelathini?"

Swali zuri, na silipiti. Maana mirathi mbaya inaeleza ulivyoanza, haielezi kwa nini bado unahangaika. Kinachoeleza hilo ni hesabu ya gari.

Chukueni mfano, na ni mfano tu, nimeutunga hapa hapa. Tuseme gari la Posta kwenda Liwale linakula shilingi 300,000 kwa safari moja, mafuta na posho ya dereva. Likibeba barua 3,000, kila barua imetumia shilingi 100. Likibeba barua 30, kila barua imetumia shilingi 10,000. Dereva yuleyule, mafuta yaleyale, mashimo ya barabarani yaleyale. Umepungua mzigo tu. Sasa wewe ni meneja: utafanyaje? Ukipandisha bei ya stempu ifuate gharama, hata wale 30 wanakimbia. Ukipunguza safari ziwe moja kwa wiki mbili, barua inachelewa, na hao 30 wanakimbia vilevile. Ukiacha mambo yalivyo, unakula hasara. Milango mitatu, na yote inatokea kwenye shimo.

Na stempu haina bei ya Liwale na bei ya Ilala. Bei inafuata uzito, barua ya ndani ya nchi ni barua ya ndani ya nchi. Utaratibu huo ulianzia Uingereza mwaka 1840, mtumaji analipa kabla, bei moja kote, na dunia nzima ikaufuata kwa sababu una haki ndani yake. Ila haki hiyo ilikuwa na mlipaji. Barua za mjini, nyingi na za karibu, ndizo zilizokuwa zikimlipia nauli barua ya Liwale.

Hizo barua za mjini ziko wapi? Msiniambie habari za barua za mapenzi. Posta haijawahi kuishi kwa wapenzi. Mteja mkubwa wa posta popote duniani ni benki inayotuma taarifa za akaunti, kampuni inayotuma bili, na ofisi inayoiandikia ofisi. Haya, umeme wako unanunua kwa LUKU, token inaingia kwenye simu. Bili ya maji inakuja kwa ujumbe mfupi pamoja na kumbukumbu namba ya malipo. Benki inakutumia salio hata hujaliuliza. Ofisi za Serikali zinaandikiana kwa mifumo ya kompyuta. Serikali hiyohiyo inayomiliki Posta ndiyo iliyoondoa barua zake Posta. Na ilifanya vizuri, sisemi irudi kwenye bahasha. Nasema ilipoondoka haikuacha kitu mezani.

Hapo konda akacheka peke yake. "Na mimi je? Mbona hamnitaji?"

Tunakutaja, kaka, usiwe na haraka. Mshindani mkubwa wa Posta nchi hii hana ofisi wala mhuri, ana buti la basi. Ukitaka kutuma vipuri Mwanza, unakwenda kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, unamkabidhi mtu wa basi boksi lenye jina na namba ya simu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, unalipa, unampigia ndugu yako: "Basi fulani, namba fulani, kesho nenda stendi." Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, mzigo wa jioni unaamkia mbali. Hakuna anwani, hakuna S.L.P., hakuna fomu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayesafirisha vifurushi kwa malipo awe na leseni ya TCRA, msimamizi wa mawasiliano, lakini mnajua wenyewe boksi la ndizi linavyopenya.

Mimi silichukii basi. Basi limeelewa kitu ambacho wenye tai walichelewa kukielewa: mtu hataki anwani, anataka kujua mzigo wake uko wapi sasa hivi na ampigie nani. Ila basi linakwenda penye abiria. Njia ya Arusha, ya Mbeya, ya Mwanza, huko ndiko walikojaa. Mvua ikikata barabara ya kusini, mwenye basi anageuza gari na hakuna wa kumuuliza. Boksi likipotea, utaambiwa "ongea na dereva", na dereva keshabadilishwa njia. Posta haina ruhusa ya kugeuza. Kwa hiyo njia zenye nyama mwenye basi kazichukua, njia zenye mifupa kaiachia Posta, halafu jioni mnakaa hapa mnazilinganisha faida zao. Haki iko wapi?

Dogo wa bodaboda, ambaye ni mbishi kwa kuzaliwa, akasema: "Basi Wamarekani watakuwa wameweza. Wale hawashindwi na kitu."

Mwalimu akavua miwani. Ukiona Mwalimu kavua miwani, jua kuna takwimu.

Posta ya Marekani, akasema, haiendeshwi kwa kodi, inatakiwa ijilipie kwa mauzo yake. Ina wajibu wa kufika kila anwani ya nchi ile, na ziko zaidi ya milioni 160. Kuna kijiji cha Supai, jimbo la Arizona, kiko chini kabisa kwenye korongo, barua zake hushushwa kwa migongo ya baghala mpaka leo. Hiyo ndiyo Liwale yao. Mwaka 2006 Bunge lao likapitisha sheria iliyoilazimisha Posta kuweka akiba ya matibabu ya wastaafu wake wa miaka mingi ijayo, kama dola bilioni 5.5 kila mwaka. Ikashindwa kulipa, deni likapanda, magazeti yakaandika Posta imekufa. Mwaka 2022 Bunge hilohilo likapitisha sheria ya kufuta dola bilioni 57 za deni hilo.

"Ikapona?" dogo akauliza.

Mwaka wa fedha 2024 ilipata hasara ya dola bilioni 9.5.

Weee! Kijiwe kizima kilishika kichwa. Mwalimu akavaa miwani yake, kamaliza.

Nami naongeza langu. Kufuta deni kulikuwa haki, lakini barua za daraja la kwanza za Marekani zilipita bilioni 103 mwaka 2001 na sasa hazifiki nusu yake, huku nyumba za kupelekea zikiongezeka kila mwaka. Ni hesabu ileile ya gari, tarakimu tu ndizo kubwa. Na wabunge wao ni ndugu wa wabunge wetu: kila mmoja anaunga mkono Posta ipunguze gharama, ila si kwa kufunga ofisi iliyoko jimboni kwake.

Wanaotaka mfano wa karibu waangalie Afrika Kusini. Posta yao ilikuwa na kazi iliyokuwa ikijaza watu kaunta: kulipa posho za ustawi wa jamii, za wazee na za watoto. Kazi hiyo ikahamia Postbank iliyotenganishwa nayo. Mnaikumbuka mirathi? Julai 2023 shirika likawekwa chini ya wasimamizi wa kuliokoa lisifilisiwe. Serikali ikatoa randi bilioni 2.4. Wafanyakazi zaidi ya 4,000 wakapunguzwa, mamia ya ofisi zikafungwa. Huo ndio utaratibu wa kufa kwa posta: haifungwi kwa uamuzi, inaachwa inyauke, kisha inapigiwa harambee ikiwa kitandani.

Na zile posta zinazopata faida duniani, mkichungulia ndani hamkuti barua. Poste Italiane ya Italia inaishi kwa benki na bima. Japan Post vivyo hivyo, nguzo zake ni benki na bima. Morocco, Posta yao ina benki yake, Al Barid Bank, tangu mwaka 2010. Barua pale imekaa kwenye meza ya chakula kilicholetwa na wengine. Sisi tuliwahamisha hao wengine nyumba, kisha tukashangaa meza ni tupu.

Sasa huyu mama ninayetaka kumzungumzia hakukaa nasi, alikuwa pembeni anageuza maandazi kwenye karai. Lakini masikio anayo. Akasema bila kugeuka: "Ninyi wanaume mmeongea sana. Mimi niambieni kitu kimoja. Kodi yangu ya mafuta ya kupikia ndiyo ikalipie barua ambayo siitumi, iende kwa mtu nisiyemjua?"

Hakuna aliyesonya. Hilo ndilo swali lenyewe, na kule bungeni hulisikii likiulizwa hivyo.

Nilimjibu hivi, na nawajibu ninyi nyote. Mama, mnara wa simu ulioko kijijini kwa shangazi yako unajua ulijengwaje? Kampuni za simu zilipiga hesabu zikaona kule hakuna faida. Hawakulazimishwa waende kwa hasara. Serikali ikaanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, na Mfuko ukawapa ruzuku wajenge. Mei 2023 tu ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kila mtu akapiga makofi, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyesema Vodacom, Airtel au Tigo ni mzigo kwa Taifa kwa kuwa wamepewa ruzuku. Ikaitwa huduma kwa wote. Posta ikifanya jambo lilelile, kufika mahali pasipo faida kwa sababu Serikali imetaka, inaitwa shirika linalopata hasara. Kazi moja, majina mawili.

"Sawa," mama akasema, "lakini mnara natumia kila siku. Barua je?"

Ni kweli, mama, na hapo ndipo watetezi wa Posta wengi huingia mitini. Mimi siingii. Yawezekana bei ya kuipeleka barua Liwale ni kubwa kuliko tunavyoweza kuimeza. Yawezekana badala ya gari la Posta, bora tumlipe dogo huyu wa bodaboda apeleke mara moja kwa wiki. Lakini huwezi kuamua hayo usipojua bei. Leo bei hiyo imefukiwa ndani ya hesabu za shirika zima, imechanganywa na hasara ya uzembe, na madeni ya zamani, na paa linalovuja. Mkurugenzi mzembe anajificha nyuma ya Liwale, na Serikali bahili inajificha nyuma ya mkurugenzi mzembe. Wote wawili wanapona, wanaoumia ni karani anayepokea lawama kaunta na bibi anayesubiri karatasi.

Kwa hiyo kwanza zitenganishwe hesabu. Ofisi zinazokaa wazi kwa sababu ya wajibu ziorodheshwe, moja moja, na gharama yake iandikwe pembeni. Hiyo ni bili ya Serikali, ilipwe kwa mkataba wa miaka kadhaa, si kwa huruma ya mwisho wa mwaka. Na mkataba useme huduma yenyewe ni ipi: barua ifike ndani ya siku ngapi, isipofika nani akatwe. Zabuni yake iwe wazi. Mwenye basi akisema anaweza Liwale kwa bei nafuu na atafika masika na kiangazi, apewe, tumwone mwezi wa nne.

Kilichobaki kiwe biashara kamili, na hapo Posta nayo isijifanye malaika. Mwaka 2022 nchi ilizunguka nyumba kwa nyumba na Operesheni ya Anwani za Makazi, vibao vikapigwa, namba zikabandikwa. Namba zipo, lakini barua kwa kawaida bado inakwenda kulala kwenye S.L.P. mpaka mwenye ufunguo akumbuke. Wanafunzi wangapi walikulia kwenye sanduku la shule, kupitia kwa mwalimu mkuu, na wakamaliza shule wakabaki hawana sanduku maisha yao yote? Kenya kuna huduma ya MPost iliyoigeuza namba ya simu kuwa anwani ya posta. Wazo hilo halihitaji satelaiti. Mteja mwenyewe yupo: ni yule binti wa Kariakoo anayeuza magauni Instagram, anafunga mizigo saa mbili usiku, anataka kaunta iliyo wazi saa mbili usiku na ujumbe wa simu mzigo ukifika Songea. Weka dirisha la Posta ndani ya stendi ya mabasi, pakia mifuko yako kwenye mabasi hayohayo ya usiku, maliza safari kwa bodaboda. Anayekushinda kwa mbio, panda mgongoni kwake.

Na majengo. Dogo anataka yauzwe. Dogo, ukiuza jengo la katikati ya mji umepata hela mara moja, ukilipangisha unapata kila mwezi. Kenya walianzisha Huduma Centre ya kwanza mwaka 2013 ndani ya jengo la Posta Kuu ya Nairobi, mwananchi akapata huduma za idara nyingi chini ya paa moja. Huku kwetu kuna vituo vya Huduma Pamoja ndani ya ofisi za Posta. Ni mpango mzuri, kwa sharti moja lisilo na mjadala: idara ya Serikali inayokaa kwenye jengo la Posta ilipe kodi ya pango, kwa tarehe, kama mpangaji mwingine yeyote. Mpangaji asiyelipa kwa sababu ana nembo ya Taifa mlangoni ni hasara yenye bendera.

Mzee Mstaafu akakubali yote, akanirekebisha moja. "Usisahau watu," akasema. "Mkianza kubana matumizi mnaanza na yule anayebeba mfuko. Huyo ndiye Posta. Ukimlipa nusu mshahara, atakupelekea nusu ya barua." Nimeliandika kama alivyolisema.

Mtauliza, haya yote ya kijiweni yana maana gani? Yana maana hii. Bajeti husomwa mwezi Juni, na mbunge wako ana siku nyingi kabla ya hapo za kukaa jimboni kuahidi. Akikwambia atahakikisha Posta inafika kila wilaya, muulize kwa fedha ya fungu gani. Akikwambia Posta ijitegemee kama kampuni, muulize ofisi ya wilaya yako itafungwa lini. Ana haki ya kuchagua jibu moja kati ya hayo mawili. Hana haki ya kukupa yote mawili kwa pamoja. Anayetaka Posta ifike kila mahali aweke fedha mezani, na asiyetaka kuweka fedha azitaje kwa majina, mbele ya wapigakura, wilaya anazoziacha.